Mwaloni, Upanga na Sanduku la Vitabu: Kuusoma Upya Wasifu wa Bonifatius

Utangulizi

Maisha ya Bonifatius, kitabu kilichoandikwa kwa Kilatini na kasisi Willibald huko Mainz, ni miongoni mwa maandiko ya karne ya 8 ambayo Kanisa la Ulaya limeyasoma na kuyahubiri sana. Wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa hukutana nacho mapema, hata kama hawajapata kukishika mikononi, kwa sababu habari yake moja imekwisha kuwa mali ya wote: habari ya mtawa aliyeukata mti mtakatifu wa wapagani. Mara nyingi mwanafunzi anapoulizwa Bonifatius alikuwa nani, jibu lake huanza na shoka na huishia hapo.

Katika makala hii tunakusudia kukipima kitabu hicho. Swali letu ni hili: je, Willibald ametupatia shahidi wa Kristo, au ametupatia mshindi? Tunaona kwamba ametupatia wote wawili bila kuwatenganisha, na kwamba msomaji asiyewatenganisha anaweza kujifunza kutoka kwa mtakatifu huyu jambo ambalo mtakatifu mwenyewe alilikataa saa ya kufa kwake.

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kuliogopa zoezi hili. Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa mwaka 1531, katika kifungu cha 21, unafundisha kwamba watakatifu wanastahili heshima ya namna tatu: tumshukuru Mungu kwa ajili yao, tuimarishwe imani kwa mfano wao, na tuige imani yao pamoja na wema wao, kila mtu kwa kadiri ya wito wake. Lakini anayetaka kuiga hana budi kwanza kujua ni kitu gani anachokiiga. Kwa hiyo kuchunguza wasifu wa mtakatifu ni sehemu ya kumheshimu.

1. Mtu na mwandishi wake

Bonifatius alizaliwa Wessex, kusini mwa Uingereza, yapata mwaka 675, akaitwa Wynfrith. Alilelewa katika utawa huko Exeter, kisha akahamia Nursling chini ya abate Winbert, ambako alikuwa mwalimu wa Maandiko na wa lugha ya Kilatini, hata akaandika kitabu cha sarufi. Mwaka 716 alivuka bahari kwenda kuwahubiria Wafrisia, katika nchi ambayo leo ni Uholanzi. Safari hiyo haikufaulu, kwa kuwa mfalme Radbod alikuwa vitani na Wafaranki. Mwaka 718 aliondoka tena kwao, na safari hii hakurudi. Huko Roma, Papa Gregorius II alimpa utume na jina jipya la Bonifatius mwaka 719, akamweka wakfu kuwa askofu mwaka 722. Mwaka 732 Gregorius III alimfanya askofu mkuu. Alizipanga dayosisi za Bavaria mwaka 739, na monasteri ya Fulda ilianzishwa mwaka 744 kwa mkono wa mwanafunzi wake Sturm. Mwaka 754, akiwa mzee wa karibu miaka 80, alirudi kwa wale Wafrisia aliowaanzia, na huko akauawa pamoja na wenzake wapatao 50.

Willibald aliandika kabla ya mwaka 768, wakati watu waliomfahamu Bonifatius walipokuwa bado hai. Waliomwagiza kuandika walikuwa Lullus, mrithi wa Bonifatius huko Mainz, na Megingoz, askofu wa Würzburg. Asichanganywe na Willibald mwingine aliyekuwa askofu wa Eichstätt. Ni haki kuusifu uangalifu wake. Miujiza katika kitabu chake si mingi, tukikilinganisha na vitabu vya aina hiyo. Anawataja kwa majina baadhi ya waliouawa pamoja na askofu wao. Lakini pia tusisahau kwamba aliagizwa na wakuu wa Kanisa ambalo lilikuwa limekwisha kusimama imara chini ya watawala wa Kifaranki. Anaitazama kazi ya Bonifatius kutoka mwisho wake, kama mtu anayetazama nyumba iliyokwisha kuezekwa. Jasho la waliochimba msingi huliona kwa mbali tu.

2. Mwaloni wa Geismar

Habari ya mwaloni ni ya mwaka 723 au 724, huko Hessen. Willibald anasema mti ulikuwa mkubwa ajabu, na uliitwa kwa jina la kale mti wa Jupita. Wataalamu wengi wanamwona hapo mungu wa radi wa Wagermania. Wapagani walisimama wakimlaani adui wa miungu yao. Bonifatius alipoanza tu kuukata, upepo kutoka juu uliutikisa, ukaanguka na kupasuka vipande vinne vilivyo sawa. Waliolaani wakaanza kubariki. Kwa mbao zake akajenga nyumba ya sala kwa heshima ya Mtume Petro.

Wahubiri wengi huisimulia habari hii kama pambano la mtu mmoja na taifa zima la giza. Willibald mwenyewe hasemi hivyo. Anatueleza kwamba katika Hessen walikuwamo wengi waliokwisha kuikubali imani. Wengine walikuwa wamesimama, wengine waliendelea kutoa sadaka kwenye miti na chemchemi, kwa siri au waziwazi. Tena anasema kwamba Bonifatius aliukata mti kwa shauri la wale waliokuwa imara. Basi mti haukuanguka mwanzoni mwa mahubiri. Ulianguka baada yake, na Wakristo wenyeji ndio walioshauri. Hao hawana majina katika kitabu, nao wamesahauliwa kabisa katika mahubiri yetu.

Jambo la pili halipatikani katika habari hiyo. Karibu na Geismar ilikuwapo ngome ya Wafaranki iliyoitwa Büraburg, na mwaka 723 Bonifatius alikuwa amepewa barua ya ulinzi na Charles Martel, mtawala wa Wafaranki. Willibald anapoeleza jinsi wapagani walivyonyamaza, anatuachia upepo wa Mungu peke yake kuwa sababu. Hatukatai kwamba Mungu aweza kutuma upepo. Tunasema tu kwamba waliosimama pale walijua vilevile ni nani aliyekaa ngomeni.

Jambo la tatu ni barua. Katika miaka hiyohiyo askofu Daniel wa Winchester alimwandikia Bonifatius shauri juu ya namna ya kuzungumza na wapagani. Alimshauri asianze kwa kubishana nao juu ya nasaba za miungu yao, bali awaachie waseme, kisha awaulize maswali kama mwanafunzi atakaye kujua: kama miungu ilizaliwa, nani aliutawala ulimwengu kabla haijazaliwa? Yote hayo, alisema, yafanyike kwa upole na kiasi, pasipo matusi wala kuchokoza. Katika barua hiyo limo pia shauri ambalo hatuwezi kulifuata, yaani kuwaonyesha wapagani kwamba Wakristo wamepata nchi zenye mvinyo na mafuta, nao wameachiwa nchi za baridi. Hoja ya namna hiyo huifanya Injili kuwa mizani ya utajiri. Hata hivyo shauri la upole ni la thamani. Kwa nini basi tunalikumbuka shoka, na barua hatuikumbuki? Kwa sababu shoka lina mlio, na swali la upole halina.

3. Mtu tunayemkuta katika barua

Udhaifu mkubwa wa Willibald, kwa maoni yetu, ni kwamba Bonifatius wake hachoki. Anatoka ushindi hadi ushindi. Lakini tunazo barua za Bonifatius mwenyewe, na humo tunamkuta mtu mwingine.

Tunamkuta mzee aliyefifia macho, akimwomba Daniel ampelekee kitabu cha manabii sita kilichokuwa cha mwalimu wake Winbert, kwa kuwa kiliandikwa kwa herufi kubwa na wazi, naye hawezi tena kusoma maandishi madogo yaliyobanana. Tunamkuta akimwomba abesi Eadburga amnakilie nyaraka za Petro kwa herufi za dhahabu, ili wasikilizaji wa kimwili wayaheshimu Maandiko wanapoyaona mbele yao. Tunamkuta akiwaomba Waingereza wote wawaombee Wasaksoni, kwa kuwa ni watu wa damu moja na mfupa mmoja nao. Katika barua hizo wanawake wana sauti. Ndugu yake Leoba anamwandikia akimtumia beti alizotunga na kuomba amsahihishe. Baadaye akawa abesi wa Bischofsheim, mwalimu wa wengi.

Tunamkuta pia mtu aliyeshikwa na tatizo asiloweza kulitatua. Katika barua nyingine kwa Daniel anakiri kwamba bila ulinzi wa mtawala wa Wafaranki hawezi kuwaongoza waumini, wala kuwalinda makasisi na watawa, wala kuzuia ibada za sanamu. Papo hapo analalamika kwamba akienda barazani kwa mtawala huyo inambidi kuchangamana na makasisi waovu, na dhamiri yake inamsumbua. Huyu ni mtu ajuaye bei ya ulinzi anaoupokea. Willibald anautaja ulinzi, ila bei yake haitaji.

Makosa yake nayo yanaonekana wazi huko. Kasisi mmoja wa Bavaria asiyejua Kilatini alikuwa akibatiza kwa kukosea miisho ya maneno ya Utatu. Bonifatius, mwalimu wa sarufi, aliamuru waliobatizwa hivyo wabatizwe tena. Virgilius na Sidonius walipeleka shauri hilo Roma, na mwaka 746 Papa Zacharias akamjibu Bonifatius kwamba ikiwa kasisi hakuleta uzushi bali alikosea tu kwa kutojua lugha, ubatizo ni ubatizo. Hapo Papa alisema jambo ambalo Mlutheri yeyote ataliitikia: nguvu ya ubatizo iko katika ahadi ya Mungu, haiko katika ufasaha wa mhudumu. Waandishi wengi wa Kiprotestanti wa Ujerumani walimshutumu Bonifatius kwa sababu alikuwa mtu wa Roma. Katika shauri hili lakini, kama angeshikilia mawazo yake bila kuisikiliza Roma, angeziumiza dhamiri za watu wanyonge.

Na mwaka 752 hivi, alipoona kwamba mwisho wake umekaribia, alimwandikia abate Fulrad ili amwombee kwa mfalme Pippin. Hakujiombea mwenyewe. Aliwaombea wasaidizi wake, wengi wao wageni katika nchi ile, baadhi yao wazee, waliokaa mpakani mwa wapagani. Alisema mkate waweza kuupata, lakini nguo hawawezi. Mchungaji yeyote aliyepata kuhudumia mtaa wa mbali bila kujua ni nani atakayemvika yeye na watoto wake atamwelewa askofu huyu upesi kuliko atakavyouelewa upepo wa Geismar.

4. Kifo, na siku ya tatu

Sura ya kifo ndiyo sura bora katika kitabu cha Willibald, na ndiyo pia inayotuudhi zaidi.

Kabla ya safari, Bonifatius alimwagiza Lullus ayamalize majengo aliyoyaanza, kisha atie katika sanduku la vitabu shuka ya kuufunikia mwili wake. Willibald anatuambia kwamba Lullus alilia. Tarehe 5 Juni 754, kwenye mto Boorne karibu na Dokkum, askofu alikuwa akiwangoja wapya waliobatizwa waje kuwekewa mikono, yaani kupokea kile ambacho sisi tungekiita kipaimara. Badala yao ilifika asubuhi kundi lenye silaha. Watumishi wake walishika silaha ili wapigane. Bonifatius alitoka hemani akawakataza, akiwakumbusha kwamba Maandiko yanatuagiza tusilipe uovu kwa uovu. Wote wakauawa.

Katazo hilo lilikuwa na mizizi. Sinodi iliyokutana mwaka 742 au 743 chini ya mtawala Karlomann, ambayo Bonifatius aliiongoza, ilikataza watumishi wa Mungu kubeba silaha na kwenda vitani, isipokuwa wale wachache waliochaguliwa kwa ajili ya ibada. Kwa hiyo hemani alilitimiza kwa mwili wake jambo alilokwisha kuliandika katika sheria. Hapa ndipo tunapomwona shahidi. Mtu aliyekiri kwamba hakuweza kufanya kazi bila upanga wa mtawala, saa ya mwisho alisimama bila upanga wowote.

Kinachofuata katika simulizi ni kichekesho cha kusikitisha. Wauaji walibeba masanduku wakidhani yamejaa dhahabu. Walikunywa mvinyo waliouteka, wakagombana juu ya mali, wakauana wenyewe kwa wenyewe. Waliobaki walivunja masanduku wakakuta vitabu, wakavitupa mashambani na matopeni, navyo baadaye vikapatikana. Kama Willibald angeishia hapo, angekuwa ametuachia ushuhuda ulio safi.

Lakini hakuishia hapo. Anaendelea kusimulia kwamba baada ya siku tatu Wakristo walikusanya jeshi, wakaingia katika nchi ya wapagani, wakawaua wengi, wakarudi na wake zao, watoto wao na watumwa wao kuwa mateka. Waliosalia, anasema, walitishwa na adhabu wakaipokea imani. Willibald anaisimulia habari hii kwa furaha, kana kwamba ni tunda la damu ya shahidi.

Hapa inatupasa kusema wazi kwamba mwandishi amemsaliti mtu wake. Kurasa chache tu zinatenganisha askofu anayekataza kulipa kisasi na waumini wanaokilipa, naye mwandishi haoni mgongano wowote. Siku ya tatu katika imani yetu ni siku ya Mungu kumfufua aliyeuawa, asiyelipa kisasi hata kwa waliomsulibisha. Katika kitabu hiki siku ya tatu imefanywa siku ya upanga. Mtoto wa Kifrisia aliyechukuliwa mateka juma lile aliipokea imani gani? Willibald hamwulizi. Sisi hatuna ruhusa ya kutomwuliza.

5. Kitabu juu ya kichwa

Wasomaji wengi wameona picha ya Bonifatius ameshika kitabu kilichochomwa kwa upanga. Picha hiyo haikutoka kwa Willibald. Ilitoka katika wasifu mwingine ulioandikwa Utrecht katika karne ya 9, ambapo inasemwa kwamba mwanamke mzee aliyeshuhudia mauaji alisimulia jinsi askofu alivyoweka kitabu cha Injili juu ya kichwa chake. Huko Fulda imehifadhiwa hadi leo kodeksi iitwayo Ragyndrudis, yenye majeraha ya kukatwa, na mapokeo yanasema ndiyo kitabu hicho. Ila kodeksi hiyo si Injili. Ni mkusanyo wa maandishi ya mababa wa Kanisa, mengine yakiwa ya kuitetea imani sahihi juu ya Kristo.

Je, tuitupe habari hiyo? Hapana. Tuitumie kwa kiasi chake. Haituthibitishii mwendo wa mkono wa Bonifatius asubuhi ile, lakini inatuonyesha jinsi Kanisa la baadaye lilivyomwelewa: mtu ambaye ngao yake pekee ilikuwa neno lililoandikwa. Mapokeo hayo, ingawa ni ya baadaye, yameuelewa moyo wa kifo chake kuliko Willibald alivyouelewa katika habari yake ya kisasi.

6. Jambo linalotuhusu

Msomaji aweza kuuliza ugomvi huu wa karne ya 8 unatuhusu nini. Jibu liko Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko mara tu walipofika kuanzisha kazi. Kanisa letu linawakumbuka kama mashahidi, na ni haki. Lakini baada yao lilikuja jeshi la serikali ya Kijerumani kutoka Moshi, pamoja na askari wa Kichaga. Watu wengi wa Meru na Arusha waliuawa, mifugo yao ikatekwa. Kazi ya misioni katika Meru ilianza upya mwaka 1902, huko Nkoaranga, katika nchi iliyokwisha kupigwa.

Mfanano na siku ya tatu ya Dokkum hauhitaji maelezo. Tunachouliza ni namna tunavyosimulia. Tukisimulia vifo viwili na kuishia hapo, tunasema kweli, ila nusu yake. Tukisimulia kwamba damu ya mashahidi ilizaa Kanisa, bila kutaja damu ya wengine iliyomwagwa katika majuma yaliyofuata, tumekuwa Willibald wa pili. Na mtu ambaye babu yake aliuawa katika adhabu ile, naye leo amekaa kanisani akiimba pamoja nasi, atajua kwamba tumemnyamazisha.

Hitimisho

Hatushauri kwamba kitabu cha Willibald kiondolewe katika masomo yetu. Tunashauri kisomwe chote, hata siku yake ya tatu, na kisomwe pamoja na barua. Mwalimu wa historia ya Kanisa awape wanafunzi habari ya mwaloni na barua ya Daniel katika kipindi kimoja, kisha awaulize ni ipi inayofanana na Paulo pale Areopago. Mhubiri anayetaka kumtaja Bonifatius aanze na sanduku lile lenye vitabu na shuka ya kuzikiwa, kabla ya kulifikia shoka.

Tumshukuru Mungu kwa ajili ya mtumishi wake huyu, aliyeshindwa mara ya kwanza kwa Wafrisia na akarudi kwao uzeeni. Tuimarishwe na mfano wake, kwamba mtu mwenye hofu na macho yaliyofifia aweza kusimama imara saa itakapofika. Na tuige jambo lile alilowaambia watumishi wake nje ya hema. Kilichofanywa siku tatu baadaye na watu waliodai kumpenda, tukisimulie kwa toba, wala tusikiite tunda la Injili.